Mtoto wa Tatu wa Zacharia Onyango

Zacharia Onyango alikuwa fundi wa lifti. Naanza na hilo kwa sababu mtu akisikia kuna Mkenya Jeddah anadhani ni dereva au mlinzi. Mlinzi ni mimi. Zacharia alikuwa na cheti, alikuwa na sanduku la vyuma ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa, na majengo kumi na manne ya mtaa wa Al-Rawdah yalipandisha na kushusha watu kwa mikono yake. Lifti ikikwama, akina mama wa kule hawakupigia kampuni, walimpigia yeye. "Yalla, Zakariya, yalla!" Naye alikwenda, mfupi, mnene kidogo, kofia yake ya buluu imepauka kwa jua, na kabla hajafungua chochote aliweka sikio kwenye mlango wa chuma akasikiliza. Alisema lifti hutaja ugonjwa wake yenyewe, ila watu hawana subira ya kuisikia.

Tuliishi chumba kimoja Bani Malik miaka tisa, yeye, mimi, na wengine waliokuja na kuondoka. Nimekaa nchi hii tangu zama za barua za kaseti. Mtu alizungumza kwenye kinasa sauti, akampa kaseti msafiri, na baada ya miezi miwili mke wake alisikia kikohozi chake sebuleni kama vile yupo. Siku hizi wanaonana kila siku kwenye simu, na sijawahi kuona watu wanaojuana kidogo namna hii.

Watoto wake walikuwa wanne. Naandika wanne kama alivyosema mwenyewe: Vincent, Beverly, Mourine na Elly. Mourine alikufa akiwa na miaka sita, kwa homa ya siku mbili, mwaka ule ndege zilipofungwa. Zacharia aliyaona mazishi kwenye simu ya shemeji yake, picha ikikatika kila mara, na jeneza liliposhushwa picha ilikuwa imeganda kwenye kiatu cha mtu.

Kwetu, upande wa Ziwa, ukimuuliza mzazi ana watoto wangapi, anakutajia wote aliowazaa, walio juu ya ardhi na walio chini yake. Mama yangu alizaa tisa akazika wanne, na mpaka siku yake ya mwisho alijibu tisa. Kumwondoa mtoto kwenye hesabu ni kumzika upya, na safari hii bila waombolezaji. Vijana wa leo hujibu kwa idadi ya walio shuleni. Wamefundishwa na fomu. Zacharia hakuwa kijana wa leo kwa jambo hilo, na humo ndimo shida yake ilimotoka.

Miaka mitatu baada ya mazishi hayo, habari zilizagaa kwenye simu za watu kwamba ujumbe wa nchi moja ya kaskazini unakuja Riyadh kutafuta mafundi. Jina la nchi siliandiki. Ni nchi ambayo wazee wanakufa na hakuna anayezaliwa, vijana wamekimbilia mji mkuu, na miji midogo inazimika mmoja mmoja kama taa za duka linalofungwa. Walikuwa wanataka wauguzi, mafundi umeme, waokaji mikate, mafundi wa lifti. Walikuja kuwatafuta Uarabuni, hawakwenda Kisumu, na sababu naiona. Hapa wapo watu waliokwisha kuzoea kukaa mbali na kwao. Mtu kama huyo huna haja ya kumfundisha upweke.

Kwetu viongozi walipiga makofi. Hospitali ambamo dada yangu alifia ilikuwa na lifti iliyokaa miaka minne haifanyi kazi, wagonjwa wakibebwa kwenye ngazi kwa mablanketi. Hakuna ujumbe uliowahi kumtafuta Zacharia kwa ajili ya lifti ile.

Nchi hiyo ilikuwa na jambo ambalo Uarabuni hakuna: mtu angekwenda na mke na watoto wake. Zacharia alikuwa na miaka kumi na mmoja mbali na Keziah, mkewe, ukitoa likizo tano. Elly, mtoto wake wa mwisho, alimwita "baba wa simu". Alipoisoma habari hiyo alikaa kitandani akiwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Mzee," akaniambia, "nikipata hii, nitaamka asubuhi nisikie watoto wakigombania choo. Sitaki kingine."

Hilo ndilo alilolitaka, na sikumsikia akitaka kingine mpaka mwisho.

Fomu aliijaza mwenyewe kwenye simu. Iliuliza una watoto wangapi, majina yao, tarehe walizozaliwa, na vyeti vyao vya shule kama vipo. Kila mtoto alimwongezea mwombaji alama. Akaandika wanne, akaandika majina manne, akatuma. Hakudanganya. Aliulizwa kama Mluo anavyoulizwa, akajibu kama Mluo anavyojibu.

Alikwenda Riyadh kwa basi. Usaili ulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, viti vimepangwa kwa safu, baridi ya kiyoyozi ikiuma mifupa. Kwanza walionyeshwa filamu ya mji ambao ungewachukua. Ilipigwa saa sita mchana, siku ya kazi. Barabara ilikuwa safi, mapazia yalikuwa safi, kengele ililia juu ya mlango wa duka na hakuna aliyeingia wala kutoka. Taa za njia panda zilibadilika nyekundu, kijani, nyekundu, na hapakuwa na gari. Palikuwa na majengo matano marefu yaliyojengwa zamani za viwanda, na kwenye madirisha ya juu, hapa na pale, uso mweupe wa mzee ukitazama chini. Lifti zilikuwa zimekwama. Wale wa juu hawakuwa wameshuka tangu majira ya baridi yaliyopita.

"Nilihesabu nyuso," Zacharia aliniambia. "Zilikuwa kumi na saba. Zote zilikuwa zinatazama kamera, kama zilijua tupo ukumbini."

Aliyemsaili alikuwa mwanamke mrefu, nywele zake nyeupe zote ingawa hakuonekana kuwa na miaka hamsini. Hakumuuliza sana juu ya lifti. Alitazama karatasi, akatabasamu, akasema, "Watoto wanne. Tumefurahi mno. Huyu wa tatu, Mourine, ana miaka tisa sasa. Anapenda kula nini?"

Zacharia akajibu, "Mayai ya kuchemsha, madam. Kiini kikiwa laini."

Aliporudi nilimuuliza kwa nini hakumwambia pale pale.

"Tangu afe, Mzee, hakuna mtu aliyeniuliza Mourine anapenda nini. Hata mama yake. Nilifurahi kuulizwa. Nilijibu kabla sijakumbuka."

Baada ya wiki tatu ikaja barua ya kukubaliwa kwa masharti, na picha. Tulizifungua pamoja juu ya paa, Ijumaa asubuhi, nguo zimeanikwa kutuzunguka. Nyumba ilikuwa ya mbao na mawe, ya watu waliokufa bila warithi, na mji ulikuwa umeipaka rangi. Jikoni palikuwa na vikombe sita. Chumba cha watoto kilikuwa na vitanda vinne, shuka zimekunjwa. Ukutani kwenye ukumbi kulikuwa na vyango vinne vya kutundikia makoti, na juu ya kila chango wameandika jina kwa brashi, herufi nzuri za mkono wa mtu mzima mwenye subira. VINCENT. BEVERLY. MOURINE. ELLY. Chini ya kila jina palikuwa na jozi ya mabuti mapya.

Kwenye chango cha Mourine tayari palitundikwa koti dogo jekundu. Vyango vingine vilikuwa vitupu.

"Kwa nini lake tu?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Labda ndilo walilokuwa nalo."

Barua ilieleza mambo mengine. Shule ya mji ule ilihitaji wanafunzi kumi na wawili ili serikali yao isiifunge. Walikuwa nao wanane. Na shule ikifungwa, duka lingefungwa, na duka likifungwa hakuna mwuguzi wala fundi ambaye angekubali kubaki. Wale wa juu kwenye madirisha wangemalizikia huko huko. Watoto wanne wa Zacharia ndio walioukamilisha mji. Walimwomba pia ajiunge kila Ijumaa kwenye somo kwa njia ya simu, ili wanafunzi wazoee majina.

Nami nilikuwepo kwenye somo la kwanza. Mwalimu alikuwa mzee mwenye sauti nzuri. Kwenye kioo cha simu tuliona watoto watano. Mwalimu aliita majina, na kila aliyeitwa alijibu kwa neno la lugha yao ambalo bila shaka ni "nipo". Watano walijibu tukiwaona midomo. Majina mengine matatu yalijibiwa kutoka pembeni, mahali kamera haikufika. Kisha akawaita wa Zacharia. Vincent, kimya. Beverly, kimya, maana wako Kenya na hawakuwa kwenye simu. Mourine.

Sauti ya mtoto ikajibu, nyepesi, kutoka pembeni.

"Wanafanya mazoezi," Zacharia akasema haraka. "Wanajibu kwa niaba yake."

"Mbona hawakujibu kwa niaba ya Vincent?"

Alizima simu. Tukasikia mwadhini wa msikiti wa jirani, tukashukuru sote wawili, yeye Msabato na mimi nisiye na dhehebu.

Barua zikaanza baada ya hapo. Msichana wa darasa la tatu, miaka tisa, alikuwa peke yake darasani kwa miaka miwili, nao wakamruhusu amwandikie mwenzake mpya. Mwanamke wa ujumbe alizitafsiri kwa Kiingereza na kuzituma. Barua ya kwanza ilisema: nimefurahi kuwa hatimaye nitakuwa na mtu wa kukaa naye. Ya pili ilisema: nimeandika jina lako kwenye dawati letu. Ya tatu ilisema: mwalimu hapendi mtu mwingine akalie kiti chako, lakini asubuhi nikikigusa kina joto.

Pengine bomba la maji ya moto lilipita chini ya kiti hicho. Nilimwambia hivyo Zacharia, na yeye fundi akakubali kwamba nchi za baridi zina mabomba ya namna hiyo. Tulikubaliana vizuri sana, na hakuna kati yetu aliyeiamini sababu ile.

Alitaka kuwaambia ukweli. Nashuhudia hilo. Mara mbili aliandika ujumbe na kuufuta. Kwa akili yake, kumwondoa Mourine kulikuwa ni kuifunga shule na kuipoteza nyumba, basi akasema atangoja kidogo. Wakati anangoja, Elly akampigia kwa simu ya mama yake, na Zacharia, akidhani mtoto ataziona peke yake, akamtumia zile picha ili akione chango chake. Keziah akaziona zote. Akapiga mara moja.

"Baba Vincent, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yetu, tukienda."

"Vitanda vinne."

"Mama Vincent, nitakueleza..."

"Kumbe ndiko alikokwenda."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema nini? Nimeona jina lake ukutani. Wewe umeliona wapi jina lake tangu tumzike? Msalaba umeliwa na mchwa, mvua imefuta maandishi. Watu wasiomjua wamemwekea koti, na wewe unataka kuwaambia walitoe?"

Mwanamke huyo alikuwa ameosha mwili wa mtoto kwa mikono yake huku mumewe akitazama kiatu kwenye simu. Ungemwambia nini?

Kisha ikaja karatasi ya mwisho. Ndani ya wiki sita alete vyeti vya kuzaliwa na pasipoti za watoto wote wanne, halafu aje ofisini kwao Riyadh kutia sahihi.

Hapo ndipo Morgan alipoingia. Morgan alikuwa mwenzetu kutoka Kakamega, zamani dereva, sasa anakaa kwenye mkahawa wa chai kule Al-Mahjar na kusaidia watu kwenye mambo ya karatasi: ikama ya ukaazi iliyokwisha, kafili, yaani mwajiri mdhamini, aliyekataa, jina lililokosewa. Zacharia alimweleza yote, nami nikiwa nimeketi hapo hapo.

"Sasa omera, shida iko wapi?" Morgan akacheka. "Cheti cha kuzaliwa unacho?"

"Ninacho."

"Cheti cha kifo?"

"Hatukuchukua. Hakuna aliyepeleka habari kwa chifu. Ulikuwa wakati wa korona."

"Basi serikali inajua mtoto yuko hai. Ni wewe tu unayemuua kwa mdomo wako. Na si uliniambia mna msichana mwingine wa miaka tisa hapo nyumbani?"

"Huyo ni Fridah. Mtoto wa ndugu yangu."

"Apigwe picha ya pasipoti, halas."

"Nimekwambia ni Fridah."

"Fridah ni nani? Mzungu anamjua Fridah? Kwenda kortini kumchukua kihalali ni mwaka mzima, na wewe una wiki sita. Unampa mtoto maisha, bwana. Atakushukuru. Mzee Titus, mwambie!"

Sikumwambia alichotaka Morgan. Nilimwambia Zacharia kwamba kwetu jina la marehemu hupewa mtoto mchanga, tena baada ya marehemu mwenyewe kuliomba ndotoni, na huwa ni marehemu aliyekula chumvi nyingi, si mtoto aliyeondoka kabla hajabadilisha meno. Na kwamba hatujapata kusikia mtu akimvua jina mtoto anayelijua jina lake na kumvisha la aliyekufa.

"Mzee, hayo yalikuwa zamani," akasema.

Wote husema hivyo. Ndiyo sentensi wanayoijua vizuri kuliko zote.

Lakini Keziah alilikubali wazo la Morgan hata kabla hajamaliza kulieleza. Fridah alikuwa ameishi naye tangu akiwa na miaka minne, baba yake yuko Nairobi na habari zake hazijulikani. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kulea vifaranga, asiyekula mayai kwa sababu yalimtapisha. Alilala kitanda kimoja na Mourine mpaka siku ile ya homa. Picha ikapigwa. Keziah akaanza kumfundisha tarehe ya kuzaliwa, jina la mwalimu wa chekechea, alama ya kovu ambayo hakuwa nayo. Watoto wengine walikatazwa kumwita Fridah. Vincent, aliyekuwa na miaka kumi na minne na kuelewa, akakataa kabisa kumwita jina lolote.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, Keziah akapiga ili Zacharia amsikie mtoto. Nilikuwa namenya vitunguu. Zacharia aliiegemeza simu kwenye birika.

"Fridah, mko wazima?" Zacharia akasema.

Mtoto alimtazama tu.

Sauti ya Keziah ikatoka nyuma: "Muite vizuri."

Zacharia akainamia simu. "Mourine?"

"Naam, baba."

"Leo... leo umekula nini?"

"Yai. Kiini laini."

"Wewe huli mayai."

"Nakula." Akaja karibu na simu hata uso ukajaa kioo chote, akasema bila hasira, kama mtoto anavyouliza jambo ambalo amengoja muda mrefu kuliuliza, "Baba, siku ile mbona hukuja?"

Birika likaanguka, simu ikalala chali, kioo juu. Zacharia alikuwa amesimama. Keziah alionekana akimvuta mtoto nyuma, na mimi niliuona uso wa Keziah, nitakuwa shahidi wa hilo popote. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa kama sisi.

"Sikumfundisha hilo," alikuwa akisema. "Baba Vincent, naapa, hilo sikumfundisha."

Wiki hiyo Zacharia hakuweka sikio kwenye lifti yoyote. Alifungua, akatengeneza, akafunga. Jumatano akapanda basi la Riyadh, na kwenye begi hakubeba vyeti. Aliniambia anakwenda kusema ukweli, na kama nyumba itapotea basi ipotee.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tisa ya jengo la vioo. Alisema lifti ya jengo lile ilikuwa mpya kiasi cha kutokuwa na sauti hata moja, na kwamba katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuogopa ndani ya lifti isipokuwa siku hiyo. Yule mwanamke mwenye nywele nyeupe alikuwa peke yake, na jalada la Zacharia likiwa wazi mezani.

Akamwambia yote: mtoto amekufa, lini, kwa ugonjwa gani, na kwa nini aliandika wanne. Akamwambia hata habari za Fridah. Alitegemea afukuzwe, au apigiwe polisi.

Mwanamke akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Bwana Onyango," akasema, "tafadhali usiliseme hilo mbele ya mtu mwingine. Pasipoti tatu zinatosha. Ya nne itaandikwa kuwa imechelewa, na mwakani itaandikwa hivyo tena. Huna haja ya kumleta msichana yule. Mourine yuko kwenye daftari letu. Anatosha alivyo."

"Sikuelewi, madam. Nimekwambia amekufa."

"Nimekusikia." Alikuwa anazungumza polepole, kwa upole. "Wanafunzi wetu ni wanane. Uliwaona wangapi?"

Zacharia akakumbuka nyuso tano, na majina matatu yaliyojibiwa pembeni.

"Wawili walizama ziwani, kaka na dada," mwanamke akasema. "Mmoja ni mapafu. Tungewafuta, shule ingefungwa mwaka huo huo. Mwalimu akaendelea kuwaita. Mwanzoni alijijibia mwenyewe." Akageuza ukurasa wa jalada. "Tulipoona jina la binti yako kwenye fomu, na tarehe, na kwamba hakuna cheti cha shule cha miaka mitatu, tulielewa. Tulidhani nawe umetuelewa. Tulidhani ndiyo sababu umetuchagua."

"Na yule anayeandika barua?" Zacharia akauliza. "Yule wa darasa la tatu. Yeye ni mmoja wa watano?"

Mwanamke alipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari.

Zacharia aliniambia kwamba hapo alishawishika kuliko wakati wowote mwingine. Hakuwa tena na la kughushi, mtoto wa watu angebaki na jina lake, Keziah angepata ukuta wenye jina la bintiye, Elly angegombania choo. Kalamu ilikuwa mezani. Kilichohitajika ni kukaa kimya, na sisi tuliokaa Uarabuni tunajua kukaa kimya.

"Mnapomwita," akauliza, "mnamwita kwa sababu mnamkumbuka?"

"Tunamwita kwa sababu tunamhitaji," mwanamke akasema. Alikuwa mkweli, lazima nimpe haki yake.

"Basi hapana. Mimi nimekaa miaka kumi na mmoja kwenye nchi ya watu kwa sababu ninahitajika. Najua kulivyo. Sisi kwetu tunamhesabu ili apumzike akijua hajasahauliwa. Nyinyi mnamhesabu ili kila asubuhi aamke aende shule." Akaisukuma kalamu. "Mtoto wangu hafanyi kazi, madam. Mfute."

"Ukimfuta, tuna kumi na mmoja."

"Mna wanane. Watano na wangu watatu."

"Kwa wanane hawatatuachia shule. Na bila shule siwezi kukupa nyumba."

"Najua. Mfute nikiona."

Akamfuta. Zacharia alisema mwanamke alipitisha mstari mara moja tu, kwa rula, kisha akaegemea kiti akatazama dirishani kuelekea jangwani, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Alimwomba msamaha, hakusema wa nini. Zacharia naye akamwomba msamaha, kwa ajili ya wale wazee wa madirishani.

Keziah alipoambiwa aliuliza jambo moja. "Umemtoa?"

"Nimemtoa."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko hapo ulipomlaza, Mama Vincent. Nakuja."

Akaomba likizo kwa kafili wake, na kwa kuwa hakuwa ameomba kwa miaka miwili, akapewa. Ndugu wa kwetu waliokuwa Al-Mahjar walimcheka. Morgan aliniambia mbele ya watu, "Huyo fundi wako alipewa Ulaya kwenye sinia akaomba chumvi." Wakacheka wote. Nikanywa chai yangu. Kizazi kinachocheka hivyo hakitazikwa na mtu, lakini sikuwaambia.

Yaliyobaki nilielezwa na Zacharia kwa simu, siku tano baada ya kufika. Kwanza alikwenda kaburini, akakaa huko mpaka jua likapanda, na hakunieleza lolote la huko, nami sikumuuliza. Siku ya pili walikwenda ofisi ya chifu kuandikisha kifo, miaka mitatu baadaye, yeye na Keziah. Fridah walikwenda naye kwa sababu tangu aliposikia kwamba hakuna safari alikuwa hataki kubaki nyumbani peke yake.

Karani alikuwa kijana mwenye haraka. Alitafuta daftari, akatafuta kalamu, akawaambia wakae kwenye benchi na watu wengine, akaandika wee. Zamu yao ilipofika hakuinua kichwa. Akasoma kwenye karatasi aliyopewa, kwa sauti ya kuita watu:

"Mourine Atieno Onyango!"

"Nipo," akasema Fridah, na akasimama.

Watu kwenye benchi wakageuka. Keziah akajiziba mdomo. Karani akainua kichwa, akamtazama mtoto, akaitazama karatasi iliyosema ni ya marehemu, akarudisha kiti chake nyuma kidogo.

Zacharia akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akamshika mtoto mabega yote mawili. Alikuwa wa baridi, Zacharia aliniambia, asubuhi ile ya joto.

"Wewe ni Fridah," akamwambia.

Mtoto alimtazama kwa upole, kama mtu anayengoja mwingine amalize kukosea.

"Wewe ni Fridah. Mtoto wa ndugu yangu. Hupendi mayai."

Ilibidi amwambie mara saba, mbele ya watu, na Keziah akaja akapiga magoti upande wa pili wakawa wanamwambia pamoja, jina lake, la baba yake, la mama yake, vifaranga vyake kimoja kimoja, mpaka mtoto akaanza kutetemeka, halafu kulia kwa kelele kama walio hai wanavyolia. Ndipo karani akaandika.